Uliza Kwanza Nani Ananunua

Hakosi kijana wa kunisimamisha Mwembe Tayari, hapa Mombasa, akaniuliza, "Kaka, gemu gani inalipa saa hizi?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanakumbuka 2021, nilipokuwa na akaunti tatu za Axie Infinity, gemu ya simu iliyolipa kwa tokeni za kripto, yaani sarafu za kidijitali; moja nikiicheza mwenyewe na mbili zikichezwa na vijana wa Majengo. 2022 hawaikumbuki. Basi nawaandikia wao, na wewe ambaye umeshapakua waleti, ile pochi ya kripto kwenye simu, na unatafuta pa kuanzia.

Neno tokeni tulikuwa nalo kabla ya kripto. Unalipa kwa M-Pesa, zinakuja tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Anayenunua tokeni ya stima hana mpango wa kumuuzia mwingine kesho kwa bei ya juu. Ana friji, ana feni, na joto la Februari hapa unalijua. Ataitumia mpaka iishe, kisha anunue nyingine. Tokeni yoyote ya gemu utakayoletewa, iulize hivyohivyo: nani ataitumia mpaka iishe, na kwa haja gani?

Mimi sikuuliza. Axie ni kazi ya Sky Mavis, kampuni ya Vietnam iliyoanza 2018. Ili ucheze ulihitaji wanyama watatu wa mchezo huo, nao huitwa Axie, na katikati ya 2021 watatu hao walipita dola 1,000, zaidi ya shilingi laki moja za wakati ule. Ndipo ukashamiri mtindo wa skola: mwenye mtaji anakupa akaunti yenye wanyama, unacheza, mnagawana mapato. Nilianza kama skola wa mtu aliyekuwa Ufilipino, ambako mchezo ulishika sana wakati wa korona. Huku kwetu nako hoteli za ufuo zilikuwa zimelala, na wengi waliozoea kubeba sahani Nyali na Diani walikuwa wamekaa barazani na simu mkononi.

Ukishinda ulipewa SLP, tokeni ambayo haikuwekewa kikomo: kila ushindi wa mtu yeyote popote duniani ulizalisha nyingine mpya. Na kazi ya maana ya kuzichoma, yaani kuzitumia zisirudi tena, ilikuwa moja tu, kuzalisha Axie wachanga. Hapa usisome mbio. Nani alizalisha Axie? Aliyetaka kuwauza. Amuuzie nani? Mgeni, mchezaji mpya. Na mgeni akishanunua, alifanya nini? Alianza kuvuna SLP zake kila siku na kuzipeleka sokoni palepale tulipokuwa tukiuza sisi. Kila mgeni alitufaa siku moja, siku ya kununua, kisha akawa mshindani wetu siku zote zilizobaki. Fikiria soko la Kongowea ambako kila anayenunua kilo ya nyanya anapewa na mche, na wiki ijayo naye anarudi na tenga lake kuuza. Watu watajaa, kelele zitakuwa nyingi, bei itapanda kwa muda. Lakini hakuna nyumba hata moja iliyoinjika sufuria.

Julai 2021 SLP moja ilipita senti 30 za dola. Siku niliyopata SLP 150, hata nikizihesabu kwa senti 15, ilikuwa zaidi ya shilingi 2,400 kabla ya mgao. Mwishoni mwa Januari 2022 ilikuwa karibu na senti moja: SLP zilezile 150, saa zilezile za kukodoa macho, shilingi 170 hivi. Ondoa bando. Ondoa mgao wa skola. Februari hiyo watengenezaji wakafuta SLP za kazi za kila siku na za safari za kucheza peke yako, ili uzalishaji upungue. Kiuchumi walifanya sawa, bomba lilikuwa wazi mno. Ila bomba lenyewe ndilo lililokuwa mshahara wa vijana wangu.

Mama wa mmoja wao alikuja kwangu baada ya Isha. Kijana alikuwa akimpa pesa ya kodi miezi minne mfululizo, kisha kimya. Akaniuliza, "Mwanangu, huo mchezo umefungwa?" Nikamjibu, "Haujafungwa, mama. Umeshuka." Akanitazama, "Sasa utapanda lini?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa ndiye niliyemwambia mwanawe aache kibarua cha duka. Kati ya yote niliyopoteza, hilo ndilo linalonirudia. Ukitaka kuwa meneja wa watu, jua kwamba wewe unacheza na akiba, wao wanacheza na chakula.

Kosa langu la pesa lilikuwa la kawaida zaidi. Novemba, SLP ikiwa imeshaporomoka, niliongeza akaunti ya tatu kwa sababu wanyama walikuwa "bei rahisi". Nilitazama bei ya jana badala ya kuhesabu ni siku ngapi zingenirudishia mtaji kwa bei ya siku ile, na ni ngapi ikishuka nusu. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayotakiwa. Muuzaji atakuonyesha ya kwanza tu.

Kisha Machi 2022 wezi wakaingia kwenye daraja la Ronin, njia ya kuhamishia mali ya mchezo huo. Kati ya funguo tisa za kuidhinisha, walikamata tano, wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600. Wizi ulifanyika tarehe 23, ukagunduliwa tarehe 29. FBI, wapelelezi wa Marekani, ilisema ni Lazarus, kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini. Wengi husema wizi huu ndio ulioua mchezo. Mimi sikubali. SLP ilikuwa imeshaanguka miezi kabla, bila mwizi yeyote.

Tembea mpaka kibanda chochote cha PlayStation mtaani uone uchumi uliosimama. Aliyeshindwa analipa mechi, mwenye kibanda analipa stima na kodi, kinachobaki ni chake. Hakuna mtoto anayetarajia kurudishiwa pesa. Amenunua raha, ameimaliza, amekwenda zake. Gemu ya blokcheni, yaani hizi za tokeni za kripto, inaweza kudumu ikiwa nayo ina watu wa namna hiyo, wanaoweka pesa bila kutaka kuzitoa, na wengi kuliko nyinyi mnaotoa. Kwa hiyo icheze kwanza wiki nzima bila kuwaza pesa. Ikikuchosha wewe, itamchosha na yule unayemtegemea alipe.

Usidhani gemu za bure zimekwepa hesabu hii. 2024 kila kivuko cha Likoni kilikuwa na watu wanagonga skrini za simu wakicheza Hamster Kombat, mojawapo ya hizo za bure, kwa vidole vyote viwili. Pesa yake ilitoka kwa matangazo na kwa masoko ya kripto yaliyotaka wateja. Tokeni ilipotoka Septemba 26 ilikuwa karibu na senti moja ya dola, na wachezaji, kwa madai ya wenyewe, walishapita milioni 300. Gawanya sinia la pilau kwa msafara huo uone kila mtu atalamba nini.

Mambo madogo ya mfukoni. Unapouza kripto kwa mtu akulipe M-Pesa, usiachilie mzigo kwa kuona ujumbe; ujumbe unaghushiwa. Tazama salio lako mwenyewe, na jina la aliyetuma liwe lile la aliyenunua. Maneno 12 ya siri yanayofungua waleti yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, na asikuombe mtu, hata anayejiita huduma kwa wateja. Kodi ya serikali kwa kripto hapa Kenya nayo hubadilika: kuanzia Septemba 2023 ilikuwa asilimia 3 ya thamani yote unayohamisha, uwe umepata faida au hasara. Sheria ya fedha ya 2025 ikaifuta, ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Na saa zako zipe bei kama za fundi. Saa nne za gemu kwa shilingi 170 ni chini ya alizopata kijana yule kwenye duka nililomtoa.

Alirudishwa dukani, alhamdulillahi. Sasa jioni nampata kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yao, ananifunga mabao matatu na mimi ndiye ninayelipa. Mechi imepanda kutoka shilingi 20 hadi 30 kwa sababu tokeni za stima zimepanda. Tulinung'unika kidogo, tukaweka sarafu, tukaendelea kucheza.