Vumbi la huko juu kabisa linapandaje?

SWALI: Mhariri habari. Nimesoma mahali kwamba juu kupita hata zinakopita ndege kuna vichembe vinaelea mwaka mzima havishuki. Sasa vumbi linafikaje kilomita 20 jamani, upepo gani huo? Au ni vimondo?

JIBU: Salama ndugu msomaji. Vimondo vimo, ila hilo la vumbi kupanda ndo linawapoteza wengi. Vumbi la kawaida halifiki mbali, linakutana na mawingu, mvua inalifagia, wiki mbili nyingi lishashuka. Vichembe vingi vya huko juu havikupanda, vimezaliwa hukohuko!

Kinachopanda ni gesi. Volkano ikilipuka kwa nguvu watu wanaangalia majivu, kumbe majivu ni mazito yanaanguka mapema, inayobaki ni salfa dioksaidi ambayo taratibu inageuka vitone vya asidi ya salfuriki, vidogo kiasi kwamba hata sehemu moja ya elfu ya milimita havifikishi, na kwa kuwa huko mvua hakuna basi vinakaa. Pinatubo ya Ufilipino, Juni 1991, ilirusha zaidi ya tani milioni 15 za gesi hiyo na mwaka uliofuata dunia ikapoa karibu nusu digrii.

Volkano zikinyamaza je? Bado vipo. Mjerumani Christian Junge alivinasa kwa maputo mwishoni mwa miaka ya 1950. Sehemu kubwa inatokana na kabonili salfaidi, gesi inayotoka hasa baharini, ambayo haiharibiki upesi, inapanda polepole mpaka jua kali la juu liivunje, salfa yake nayo igeuke vitone vilevile vya asidi.

Ila ukitaka kitu kinachojipandisha chenyewe, ni moshi. Ule wa mioto ya Australia ya 2019 na 2020 ulivuka kilomita 30, maana masizi meusi yananyonya jua, hewa inayoyazunguka inapata joto, bonge zima linainuka kama puto. Mi hapo ndo huwa nachoka kabisa.

Kuhusu vimondo, vinaungua kwenye kilomita 80 hadi 100, mvuke wake wa chuma na magnesi unapoa unakuwa moshi mwembamba sana unaoshuka kidogokidogo. Na siku hizi setilaiti zilizochoka nazo zinaungua hivyohivyo zikirudi. Vipimo vya ndege za utafiti vilivyotangazwa 2023 vilikuta karibu kichembe kimoja katika kila kumi vya ile asidi ya salfuriki ya huko juu kina alumini na metali nyingine za vyombo vya anga.