Je, video za simu zinaweza kuonyesha dalili za usonji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 20, hasemi neno hata moja. Nikimwita hageuki, ila akisikia katuni kwenye TV anakuja mbio. Bibi yake anasema watoto wa kiume huchelewa. Nina video zake nyingi kwenye simu. Naweza kuona humo kama ana usonji? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Video peke yake haithibitishi usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na watu), lakini huonyesha mengi ambayo sisi hatuyaoni kliniki mtoto akiwa analia mapajani kwako.

Anza na za zamani. Mwaka 1994, watafiti Osterling na Dawson wa Marekani walitazama video za sherehe ya kutimiza mwaka mmoja za watoto 11 waliokuja kugundulika kuwa na usonji, wakazilinganisha na za watoto 11 wasio nao. Tofauti zilionekana kwenye kuangalia watu usoni, kunyoosha kidole, kumwonyesha mtu kitu, na kugeuka akiitwa jina. Kuangalia usoni ndiko kulikowatofautisha zaidi.

Wazazi wengi hutafuta mtoto anayepungapunga mikono au kuzungusha magurudumu ya kigari. Hayo yaandike, lakini hata mtoto asiye na usonji hupunga mikono akifurahi. Mimi hutafuta zaidi kile ambacho mtoto hafanyi, na hicho ndicho kigumu kukiona mpaka urudishe video nyuma.

Tazama kidole chake. Akikielekeza kwenye biskuti, anaomba. Akikielekeza kwa kunguru aliye juu ya paa, kisha akakugeukia, anataka mwone pamoja. Kufikia miezi 18 watoto wengi hulifanya hilo la pili. Anayekushika mkono na kuupeleka kwenye kopo ulifungue, bila kukutazama usoni, nataka kumwona.

Sasa mrekodi upya: akila, akicheza peke yake, akiwa na wenzake, na akifanya lile linalokutia wasiwasi. Dakika chache kila mara zinatosha. Uso na mikono vionekane, TV izimwe. Kaa pembeni, mwite jina mara moja, kisha nyamaza usubiri. Usipige makofi wala usimgeuze kichwa, na shangazi asimwambie "mtazame mama". Tunawasaidia watoto kwa mapenzi, na msaada huo huificha dalili tunayoitafuta.

Kuhusu kauli ya bibi, ni kweli wavulana wengine huchelewa kidogo. Lakini aliyechelewa kusema tu kwa kawaida anakuangalia, anakuonyesha vitu, na anageuka ukimwita. Na kukosa neno hata moja kwa miezi 20 kunatosha kumleta hospitali, hata kama hayo mengine yote anayafanya.

Aanze na kipimo cha masikio. Kukimbilia katuni hakuthibitishi kwamba anasikia vizuri, maana mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine. Kisha omba dodoso la M-CHAT-R: ni maswali 20 ya kutafuta dalili za usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kwa hiyo mwanao yumo. Likionyesha wasiwasi, atafanyiwa uchunguzi kamili, na mazoezi ya mawasiliano yanaweza kuanza hata kabla majibu hayajakamilika.

Njoo na video zikiwa na tarehe, na usizitume kwenye magrupu ya WhatsApp. Kama kuna maneno aliyokuwa akiyasema kisha yakapotea, usingoje siku ya kliniki: mlete wiki hii.