Daftari la darasa la nne na jamvi la karafuu

Skuli zimefunguliwa, muhula wa pili umeshika kasi, na huku kwetu Pemba karafuu nazo zimeanza. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la tatu hadi la tano ana mambo mawili ya kuangalia msimu huu: mtoto asiiache skuli akaenda shamba, na yeye mwenyewe ajue mtoto anasomeshwa nini. La kwanza sina maneno mengi. Siku ya skuli mtoto haendi shamba, na mkarafuu hapandi hata Jumamosi, maana matawi yake hukatika bila ya kutoa taarifa. Basi.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Ukimuuliza mtoto "leo mmesoma nini?" atakujibu "hisabati", na mazungumzo yamekwisha hapo. Mimi siulizi. Akisharudi chuoni (madrasa) jioni na kula, namwambia alete daftari, nasoma kichwa cha somo la siku ile. Muhula huu hisabati ya mwanangu ni sehemu: nusu, robo, theluthi, kiasi juu na asili chini. Sayansi yake ina maji yanavyogeuka mvuke, tena sehemu za ua. Msimu kama huu, yote hayo utayakuta uani kwako.

Anza na pishi, kipimo ambacho wachumaji wanakijua vizuri. Pishi moja ni vibaba vinne. Mpe mtoto kibaba ajaze pishi mwenyewe, ahesabu kwa sauti. Akifika viwili, muulize pishi imejaa kiasi gani. Atasema nusu, halafu mwambie aandike alivyohesabu: 2/4. Hapo hatahitaji tena kukaririshwa kwamba 2/4 na 1/2 ni kitu kimoja.

Theluthi ilituletea ugomvi kidogo. Mwanangu alishikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, "kwani nne si kubwa kuliko tatu, mama?" Nilikuwa nimepika mikate miwili ya kumimina, nikakata mmoja vipande vitatu na mwengine vinne, nikamwambia achague kimoja tu. Alivitazama kwa makini sana, na mkono wake haukwenda kwenye robo. (Dada yake akachukua kilichobaki kikubwa, kwa hiyo naye kafaidika na somo.)

Lakini jaribio lililomkaa zaidi ni la mizani. Usiku tukisha kuchambua, makonyo (vile vijiti vya vishada) huku na karafuu huku, tulipima kilo 3 za karafuu mbichi tukampa pembe yake ya jamvi. Kila jioni wakati wa kuanua alipima zake na kuandika kwenye jedwali: siku, uzito, jua au mawingu. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zinatosha, na kilo 3 mbichi hubaki kama kilo 1 kavu. Alipoona mizani inavyoshuka, aliwashuku kuku kwanza, kisha dada yake. Ilibidi arudi kwenye daftari la sayansi ayatafute yale maji yalikokwenda. Theluthi aliyoichagua kwenye mkate akaikuta tena kwenye mizani, na siku ya mawingu akaona mwenyewe kwamba uzito haukushuka sana.

Na ua je? Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Likishachanua thamani yake imepungua. Chukua moja mbichi, ipasue kichwa kwa ukucha. Utaona petali zilizojikunja kama kofia na ndani yake nyuzi nyingi za stameni. Picha ya kitabuni haimshindi mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake.

Walio Unguja wasio na mashamba wasiseme hayawahusu. Dagaa na mwani hukauka kwa njia ile ile, na mwenye kuishi Paje au Jambiani mwani anao mlangoni. Wa Mjini atumie hata nguo iliyofuliwa: apime ikiwa mbichi, apime ikikauka.

Tahadhari yangu ni moja. Nusu saa inatosha. Mtoto katoka skuli, kaenda chuoni, kachoka. Ukimgeuza kibarua wa kuanika kwa jina la masomo, atakugundua mapema, na siku ya pili daftari utalitafuta usilione.

Tena zungumza na mwalimu. Si lazima usubiri kikao cha wazazi, hata njiani mkikutana muulize mada inayofuata ni ipi. Mimi nilimuuliza, akaniambia baada ya sehemu wanaingia ujazo, na jedwali la karafuu akaomba lipelekwe darasani wenzake walione. Kwa hiyo sasa nakusanya chupa za maji za nusu lita na dumu la lita tano, na kibaba nimekificha, maana mwenye pishi ameanza kukiulizia.