Roboti ya kuongea kwa klabu ya kompyuta ya mabinti: inasaidia au ni mbwembwe?

Mkuu, umeuliza kama roboti ya kuongea inafaa kuwafundisha mabinti wa sekondari programu, au ni mbwembwe za wafadhili. Najibu kwa niliyoyaona hapa Tanga, maana kikundi chetu cha Chumbageni kilitumia roboti ya kuazima iitwayo NAO.

Kwa asiyeijua, NAO imetoka Ufaransa, ina umbo la mtu na urefu wa sentimita 58. Unaipangia kazi kwa Choregraphe, programu yake ya kompyuta: unavuta visanduku kwenye skrini, unaviunganisha kwa mistari, na anayetaka kwenda mbali anaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu.

Inasaidia, ila si kwa dansi. Dansi wanaishangilia siku ya kwanza, basi. Kilichowanasa wasichana wangu ni maongezi. Roboti haina sauti ya Kiswahili, tukaipa ya Kihispania kwa vile irabu zinakaribiana. Ukiandika "habari" inasema "abari", Kihispania kinameza h. Binti mmoja wa Makorora, mkimya kuliko wote, akagundua kwamba j ya Kihispania inasikika kama h yetu, akaandika "jabari". Roboti ikasalimia sawasawa. Wenzake wakamgeukia: sasa "jina" tutaliandikaje? Wakapata kwamba y ya Kihispania inakaribia j yetu.

Wakaandika kipande cha Python cha kubadilisha herufi kabla roboti haijafungua mdomo. Kikageuza h kuwa j, kisha j kuwa y, na "habari" ikaishia "yabari"! Nilikaa kimya. Walibishana wenyewe mpaka wakapindua mpangilio: j kuwa y kwanza, kisha h kuwa j. Halafu "chai" ikawa "cjai", ikabidi waweke sharti: h ikitanguliwa na c, usiiguse. Ningewaeleza masharti na mfuatano ubaoni, wangenakili tu. Hapa walikuwa wanatetea lugha yao.

Shikamoo nayo ilizua mjadala, roboti itamjuaje mkubwa? Wakatumia vihisi vya kichwani: ukigusa mbele ni shikamoo, nyuma ni mambo.

Sasa ubaya wake. Bei ni mamilioni, kwa hiyo utakuwa nayo moja, na foleni inaua kipindi. Kazi ifanyike kwanza kwa roboti ya kuigiza iliyomo ndani ya Choregraphe, ile halisi ije mwishoni kutamka walichoandika. Ikisimama muda mrefu viungo vinapata joto, ikalishe chini. Na mkichanganya na wavulana, kwetu waliikumbatia wao, mabinti wakabaki kushika daftari. Wape mabinti kipindi chao.

Kama huna pa kuazima, usisubiri. Scratch, programu ya kujifunzia kupanga visanduku vya namna hiyo, iliyobuniwa chuo cha MIT cha Marekani, ni bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Mazungumzo yale yale unaweza kuyaanzia humo, hata kwa maandishi.

Klabu yako ina kompyuta ngapi, na mabinti wangapi kwa kila moja? Nikijua hilo nitakueleza namna ya kupanga vipindi.