Ukienda Nyero, usikimbilie michoro

Wageni wengi wanaofika Nyero, wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, hushuka kwenye bodaboda, hupiga picha za michoro myekundu, wakaondoka. Inaniuma kuona hivyo. Usipoutazama mwamba wenyewe, hutajua kwa nini watu wa kale walichora pale na si kwingine.

Ukitoka Mbale, panda teksi za Soroti ushuke Kumi mjini. Kutoka hapo ni kama kilomita 8 kwa bodaboda, barabara ya kwenda Ngora; patana na dereva bei ya kwenda na kurudi kabisa. Fika asubuhi. Jua la Teso, yaani eneo hili, ni kali, hasa Januari na Februari, na ikifika saa sita huwezi kuweka kiganja juu ya jiwe. Beba maji, vaa viatu visivyoteleza. Mvua ikinyesha, usipande juu.

Kabla ya kuomba kuonyeshwa michoro, zunguka majabali. Graniti ile, yaani mwamba mgumu wa majabali hayo, iliganda chini sana ardhini, zama za kale mno. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakaulainisha mwamba kidogo kidogo, udongo ukasombwa, yakabaki mawe makubwa yaliyopandana kama viazi guniani. Penye jiwe lililolalia mengine pakawa na paa. Ndivyo ilivyo Nyero ya kwanza (sehemu zenye michoro hapa huitwa kwa namba): inama uingie, utaona duara ndani ya duara, kwa rangi nyeupe. Nyero ya pili ni ukuta mrefu, kiasi cha mita 10, wenye mwamba uliochomoza juu yake. Simama chini yake utafakari: mvua zote zilizonyesha Teso hazikuufikia ukuta huu vizuri, ndiyo maana rangi nyekundu bado ipo. Mmomonyoko uliokula kilima ndio uliowapa wachoraji ukuta na kuwatunzia kazi yao.

Watafiti huihusisha michoro hii na wawindaji walioishi hapa kabla ya Waiteso, wenyeji wa sasa wa Teso. Iliandikwa habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 1913, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wenyeji nao walikuja Nyero ya pili kuomba mvua na watoto. Kwa hiyo ingia kwa adabu. Salamu ya Kiteso, "Yoga", hufungua mengi, na mwongoza wageni wa pale anayajua mambo ambayo ubao wa maelezo hauyasemi, mlipe vizuri.

Usiguse rangi. Usiumwagie ukuta maji ili picha ing'ae, hata rafiki yako akikuambia haidhuru. Inadhuru, na rangi ikishatoka hairudi.

Wengi huishia Nyero ya pili. Omba upelekwe ya tatu pia, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Michoro iko upande wa chini wa jiwe, kwa hiyo jiandae kuinama na kutazama juu.