CT skani kuangalia stenti: tafuta kwanza kipenyo chake

Mkuu, umeuliza kama CT skani inaweza kuonyesha stenti yako (kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi) imeanza kuziba tena, maana kifua kimerudi kubana ukipanda ngazi na hutaki kuingiziwa katheta, ule mrija wa kupitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, mara ya pili. Nina stenti mbili na njia hiyo nimeipita.

Inaweza, ila inategemea sana ukubwa wa stenti yenyewe. Tafuta ile kadi uliyopewa baada ya kuwekewa. Utakuta namba mbili, mfano 3.5 x 18: ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, ya pili ni urefu. Kipenyo kikiwa 3.0 kwenda juu, CT ina nafasi nzuri ya kukupa jibu. Chini ya hapo ni bahati nasibu. Chuma kinang'aa kwenye picha kupita kiasi, kwa hiyo kuta za stenti zinaonekana nene kuliko zilivyo na njia ya damu inaonekana finyu hata kama haijabana. Chokaa kwenye mshipa nayo inaleta usumbufu uleule.

Yangu ya kwanza ni 3.5, iko kwenye mshipa mkubwa wa mbele. Ya pili ni 2.5, kwenye tawi. Majibu yakaja: ya kwanza iko wazi, ya pili haisomeki. Nilichukia, maana hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa naishuku! Daktari akanionyesha kwenye skrini. Ya kwanza unaona kabisa dawa ya picha (ile unayochomwa ili damu ionekane nyeupe kwenye CT) imepita katikati ya kuta mbili. Ya pili ni doa jeupe tu, huoni wapi chuma wapi damu. Ikabidi nifanyiwe kipimo kingine, kile cha kuangalia damu inavyofika kwenye msuli wa moyo wakati moyo unafanya kazi kwa nguvu. Kikatoka vizuri, nikabadilishiwa dawa, kifua kikatulia.

Kitu ambacho wagonjwa wengi hatuambiwi ni kwamba CT inaaminika zaidi ikisema stenti iko wazi kuliko ikisema imebana. Picha ikiwa safi na majibu yakisema wazi, lala usingizi. Yakisema imebana, kuna uwezekano mkubwa bado utapelekwa kwenye katheta kuhakikisha, na huko wakikuta imebana kweli wanaweza kuitanua hapohapo. Ndiyo maana daktari akiwa na shaka kubwa tangu mwanzo anaweza kuiruka CT. Si kwamba anapenda kukuchoma. Anakuepusha na mionzi na dawa ya picha mara mbili.

Ukipangiwa, mapigo ya moyo ndiyo kazi. Wanayataka yawe chini ya 65 kwa dakika, ikiwezekana 60, la sivyo picha inatikisika. Mimi yalikuwa juu kwa woga tu, nikapewa metoprololi, dawa ya kupunguza mapigo, nikasubirishwa mpaka yaliposhuka. Kama una pumu, sema mapema kabla hujapewa hiyo dawa. Kuna pia nitrogliserini ya chini ya ulimi ya kutanua mishipa, na hapa wanaume tuache aibu: kama umetumia sildenafili (dawa ya nguvu za kiume) au dawa za jamii hiyo karibuni, taja, kwa sababu zikikutana presha inaweza kuporomoka vibaya. Watapima figo pia kwa ajili ya dawa ya picha yenye ayodini. Kama unameza metformini, dawa ya kisukari, wakumbushe. Dawa ya picha ikiingia utasikia joto mwili mzima, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea.

Kwa wanaosoma hapa na hawana dalili yoyote: kupiga CT kila mwaka kwa kujihakikishia tu hakushauriwi. Stenti za chuma kitupu za zamani zilikuwa zinabana tena kwa watu kama 20 hadi 30 kati ya 100. Hizi za sasa zilizopakwa dawa ya kuzuia kubana ni chini ya 10, na mara nyingi huanza polepole ndani ya mwaka wa kwanza.

Mkuu, kubana ukipanda ngazi kunahitaji daktari wiki hii, usingoje foleni ya kipimo. Na kukikubana umekaa tu na hakuachii, hiyo si ya CT tena, ni ya kukimbizwa dharura muda huohuo. Ukiipata kadi, andika hapa kipenyo na mshipa gani, tujue kama inafaa hata kuulizia.