Gari la umeme lililotumika: uliza betri kabla ya kuuliza mwaka

Wanaoniomba niwasindikize kukagua gari la umeme lililotumika karibu wote huanza na maswali yale yale: la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, limewahi kugongwa? Kwa gari la petroli maswali hayo yanatosha kuanzia. Kwa la umeme, nakusihi ujue kwanza betri iliyomo ni ipi. Gari linaweza kuwa zima kila upande na bado lisikufae hata kidogo.

Chukua Nissan Leaf, ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa imejaa sokoni. Tangu ilipotoka mwishoni mwa 2010 imekuja na betri ya kilowati-saa (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) 24, kisha 30, kisha 40, baadaye 62. Mtego mkubwa uko kwenye magari ya 2016, kwa sababu betri ya 24 na ya 30 ziliuzwa kwa wakati mmoja, ndani ya bodi ile ile. Rafiki yangu alinunua la mwaka huo akiamini amepata 30, maana tangazo lilisema tu ni toleo jipya. Kumbe ilikuwa 24. Kwenda kazini na kurudi alifika vizuri. Siku aliyotakiwa pia kumpeleka mama yake kliniki, chaji haikutosha. Hapo hakuna cha kumpelekea fundi, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Usitegemee kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo. Leaf ya 24 iliyotengenezwa kwa soko la Japani kuanzia mwishoni mwa 2012 ilitangazwa kwa kilomita 228 kwa JC08, kipimo cha Japani cha umbali ambao gari huenda kwa chaji moja. Kipimo cha Marekani kwa betri ya ukubwa huo, magari ya 2014 na 2015, ni maili 84, yaani kama kilomita 135. Na hiyo ni betri mpya. Ikiwa imebakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake wa mwanzo, ina takriban kilowati-saa 15 za kutumia. Gari likila 15 kwa kila kilomita 100, hesabu inakupa kilomita 100, lakini punguza mlima, mwendo wa barabara kuu, hita, na ile akiba ambayo hakuna mwenye busara anayeimaliza barabarani. Mimi humwambia mtu apime kwa siku yake ngumu kuliko zote, asipime kwa siku ya kawaida.

Halafu kuna ile mistari 12 midogo upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf, inayoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Muuzaji atakuonyesha 9 na wewe utasema moyoni, robo tatu, si mbaya. Lakini mstari wa kwanza hupotea betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia 6. Kwa hiyo mistari 9 maana yake ni kati ya asilimia 66 na 72 hivi. Kibaya zaidi, kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili mistari yote 12 irudi, kisha ikaanza kushuka tena baada ya wiki kadhaa, wakati pesa yako imeshaondoka. Huo ni wizi, na ndio unaoniuma kuliko yote katika biashara hii.

Kwa hiyo nenda na kifaa cha OBD cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayoonyesha hali ya betri ya Leaf. Angalia namba ya Ah (ampea-saa), kipimo kingine cha uwezo wa betri. Betri ya 24 ikiwa mpya husoma karibu 65, ya 30 husoma karibu 80. Ukiona 55, betri ya 24 hiyo ina hali nzuri, ila ya 30 imechoka sana. Tazama pia jozi 96 za seli, vile vibetri vidogo vinavyounda betri nzima: shusha chaji hadi chini ya asilimia 30, na ikiwa volti za jozi moja zimezama mbali na za wenzake, achana na gari hilo, kwa sababu seli moja dhaifu huvuta betri nzima. Baada ya hapo endesha, umbali mrefu, ukiandika asilimia na kilomita. Kompyuta inaweza kufutwa, ila barabara haidanganyi. Muuzaji akikataa kukupa gari kwa muda huo, mimi huondoka.

Leaf za betri hizi nilizotaja hazina mfumo wa kupooza betri kwa maji, hivyo joto huizeesha betri haraka. Gari lenye kilomita chache lililokaa miaka kwenye jua kali linaweza kuwa bovu kuliko lililotembea sana penye baridi.

Magari mengine yana mitego yake. BMW i3 ya 60 Ah haina kilowati-saa 60. Ina kama 22. Ya 94 Ah ina 33, ya 120 Ah ina 42. Renault Zoe nyingi za mwanzo ziliuzwa Ulaya huku betri ikiwa ya kukodi, kwa hiyo unaweza kulipia gari na betri ikabaki mali ya kampuni nyingine. Dai hati ya umiliki wa betri kabla ya kutoa hata senti.

Na ukiambiwa betri imebadilishwa, usifurahi mapema. Omba risiti, uone kama ni mpya au imetolewa kwenye gari lililogongwa. Leaf ya zamani iliyowekewa betri kubwa zaidi huhitaji kifaa cha kuunganisha mawasiliano ya betri na kompyuta ya gari. Kikikosewa, dashibodi husoma vibaya au gari hukataa chaji ya kasi. Lipelekeni pamoja kwenye chaja ya kasi, na ulipe ukiwa umeona linachaji.